Imepitwa na Wakati: Wakati Upi?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2019, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya ilikoma kuwa pesa. Tangazo lilikuwa limetolewa Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni mwaka huo, na Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge: mwenye noti hizo azibadilishe kabla Septemba haijaisha. Noti yenyewe haikuwa imeharibika. Iliyokuwa safi jioni ilikuwa safi asubuhi, ila muuza maziwa hakuwa tena na sababu ya kuipokea.

Mzungumzaji wa Kiswahili akitakiwa aeleze kilichoipata noti ile, usemi wa kwanza kumjia ni kwamba imepitwa na wakati. Usemi huu uko tayari mdomoni kwa kila jambo: sheria, simu, mishono ya nguo, vitabu vya kiada, mila, hata viongozi. Ni vigumu kumaliza gazeti zima la Kiswahili bila kukutana nao. Kwa noti ile, hata hivyo, si wa kweli. Wakati haukuipita. Ilifutwa, na walioifuta wanajulikana kwa majina na vyeo, tena walitaja sababu zao: fedha haramu na noti bandia.

Safu hii inakitetea kitenzi hicho dhidi ya wanaokitumia ovyo. Kupitwa na wakati ni miongoni mwa semi za Kiswahili zilizofikiriwa vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo haufai kugeuzwa kapu la kutupia kila kilichozeeka, kilichochakaa, kilichokatazwa au kisichopendwa na msemaji.

Tuanze na umbo lake. Kupita ni kwenda mbele ya kitu na kukiacha nyuma. Gari limeipita baiskeli. Baiskeli imepitwa na gari. Katika kauli hii ya kutendwa, kinachozungumziwa hakifanyi lolote. Kimesimama, au kinajikongoja, na mwendo wote ni wa mwingine. Hapa mwingine huyo ni wakati, aliyeletwa na kile kiunganishi kidogo "na" kinachomleta kila mtenda: ameumwa na nyoka, ameitwa na mwalimu, amepitwa na wakati. Lakini "na" hiyo hiyo ikifuata kitenzi cha kutenda, inakuwa ya uandamani. Anayekwenda na wakati hafanywi kitu na wakati, wanatembea pamoja. Kati ya kwenda na wakati na kupitwa na wakati hakuna tofauti ya msamiati mgumu, kuna kauli ya kitenzi tu, na ndani ya kauli hiyo mtu anahama kutoka kuwa mwandani wa safari hadi kuwa aliyeachwa njiani.

Kitenzi hiki kina ndugu anayefanana naye sana. Aliyepitiwa na usingizi hakuachwa nyuma na usingizi. Usingizi ulimpitia, ukamchukua. Mtu aliyesahau miadi husema "samahani, nimepitiwa", naye anaeleweka kuwa kuna kitu kilichomjia kikamwondoa kwenye fikra zake. Irabu moja tu, i, inatenganisha kufikiwa na kuachwa. Ndiyo maana muswada hupitiwa na kamati ya Bunge kifungu kwa kifungu, ili sheria isije ikapitwa na wakati, na msikilizaji hachanganyikiwi.

Inafaa pia kuona jinsi Kiswahili kinavyouchora wakati kwa sura zaidi ya moja. Methali inasema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Katika methali hiyo wakati umesimama imara na binadamu ndiye anayeujia kwa ngumi. Katika kitenzi chetu wakati ni msafiri asiyegeuka nyuma. Hakuna mgongano. Methali inamwonya anayetaka kushindana na wakati, kitenzi kinamtaja aliyedhani wakati utamsubiri.

Kutokana na umbo hilo, anayesema kitu kimepitwa na wakati anakuwa ametoa madai mazito hata kama hakukusudia. Amedai kwamba kitu hicho kiliwahi kuwa na wakati wake, kikafaa. Amedai kwamba chenyewe hakikubadilika, ila mazingira yake. Na amedai kwamba hakuna mtu aliyekiacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa mtenda ni wakati, na wakati hauna ofisi wala anwani. Madai yote matatu yakiwa kweli, kitenzi ni sahihi. Moja likiwa uongo, lipo neno lingine linalofaa zaidi.

Chukua dai la pili. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash huko Unguja, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Lilikuwa limechakaa. Chokaa, mbao, nguzo na kuta vilikuwa vimeliwa na maji, chumvi na miaka. Kuchakaa ni habari ya kitu chenyewe: ukikitoa mahali pake ukakipeleka kwingine, uchakavu unakwenda nacho. Lakini hakuna aliyesema Jumba la Maajabu limepitwa na wakati, na kama angesema asingeeleweka, kwa kuwa watu waliendelea kulitaka na wanaendelea kulitaka, na mji linamosimama unaitwa Mji Mkongwe kwa heshima. Mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ukongwe, uchakavu na kupitwa na wakati ni mambo matatu, na nyumba moja inaweza kuwa na mawili ikakosa la tatu.

Kuchuja nako ni kwingine. Kanga huchuja rangi kwa kufuliwa. Msanii huchuja pale nyimbo zake zinapoacha kuwasisimua wasikilizaji waliokuwa wakizishangilia. Anayechuja amepungukiwa na kitu alichokuwa nacho. Na mzigo unaododa dukani Kariakoo huenda haukuwahi kuwa na wakati wake hata siku moja: ulifika, ukawekwa rafuni, haukununuliwa. Mfanyabiashara anayesema viatu vyake vimepitwa na wakati, kumbe vilidoda tangu kontena lilipofunguliwa, anaufanya uamuzi wake mbaya wa kununua uonekane ni mwendo wa dunia.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye dawa. Vyombo vya habari huandika "dawa zilizopitwa na wakati" vikimaanisha dawa zilizofikia tarehe iliyochapwa kwenye boksi. Hizo zimeisha muda wake wa matumizi. Muda hupimwa kwa siku na miezi, una mwanzo na mwisho, na mtu yeyote anayejua kusoma tarehe anaweza kuuthibitisha. Wakati ni mpana zaidi: ni hali ya mambo, zama, mazingira. Mahakama zinaijua tofauti hii vizuri. Tanzania ina Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, ambayo kwa kawaida humpa mwenye dai la mkataba miaka 6 na mwenye dai la kurudishiwa ardhi miaka 12. Akichelewa, shauri lake liko nje ya muda. Haliko nje ya wakati. Huenda malalamiko yake bado ni ya moto kama siku ya kwanza.

Dawa iliyopitwa na wakati kwa maana halisi ni klorokwini. Kwa miongo mingi vidonge hivyo vichungu ndivyo vilivyokuwa tiba ya malaria katika nyumba za Afrika Mashariki, na watu wazima wengi wanaukumbuka mwasho wake hata leo. Vimelea vya malaria vikaizoea. Tanzania Bara iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 2001, ikahamia SP, kisha kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. Kidonge cha klorokwini kilichotoka kiwandani wiki iliyopita, chenye tarehe ya mwisho iliyo mbali na kilichofungwa vizuri, kwa malaria hiyo kimepitwa na wakati. Kemikali ni ile ile, nguvu ni ile ile, aliyebadilika ni adui. Hapo kitenzi kimekaa mahali pake barabara: kitu hakikuchakaa, hakikuisha muda, hakikuchuja, na kilikuwa na zama zake za kuokoa maisha.

Kisa hicho kina upande mwingine ambao watumiaji wa usemi huu huusahau. Malawi iliacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Dawa ilipotoweka kwenye matumizi, vimelea sugu vikakosa faida ya usugu wao, na taratibu vile visivyo sugu vikarudi kutawala. Utafiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha klorokwini ikiponya tena karibu wagonjwa wote wa malaria isiyo kali waliopewa. Madaktari hawakukimbilia kuirudisha, maana usugu ungerudi nao, lakini kwa lugha somo ni kubwa. Kupitwa na wakati ni uhusiano baina ya kitu na mazingira. Kilichochakaa hakirudi upya chenyewe. Kilichopitwa kinaweza kukuta wakati umegeuza njia.

Sasa tuje kwenye dai la kwanza, lile la kwamba kitu kiliwahi kuwa na wakati wake. Hapa ndipo kitenzi kinapofanya madhara zaidi, na hapa ndipo waandishi wanapopaswa kukaza kalamu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke. Ikaongeza kwamba mahakama inaweza kuruhusu ndoa ya aliyefikisha miaka 14. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu vya 13 na 17 mbele ya Mahakama Kuu, akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu na kuipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Katika mijadala ya redio na magazeti, vifungu hivyo vilielezwa tena na tena kuwa vimepitwa na wakati.  Mahakama ilisema vinakinzana na Katiba.

Tofauti si ndogo. Kusema kifungu kimepitwa na wakati ni kukipa msamaha wa siku zilizopita: wakati ule kilikuwa sawa, leo dunia imesonga. Je, msichana wa miaka 14 wa mwaka 1971 alikuwa na mwili mwingine, au haki pungufu kuliko wa leo? Anayeamini kuwa kifungu kile hakikuwa haki kwa msichana yeyote wa mwaka wowote hana budi kutafuta kitenzi kingine: kinabagua, kinadhulumu, kinakiuka. Anayeamini kwamba mazingira ya 1971, pamoja na tofauti za mila na dini ambazo sheria ile ilijaribu kuziunganisha, yaliihalalisha, huyo ndiye mwenye haki ya kusema kimepitwa na wakati. Ni msimamo unaoweza kutetewa. Lakini ni msimamo, na watu wengi huutamka bila kujua kwamba wamekwisha kuuchukua.

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyofanya kazi mwaka 1991 na 1992 kuhusu mfumo wa vyama, ilikutana na njia panda hiyo hiyo. Iliorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na jina lililoshika mpaka leo katika mazungumzo ya kisiasa ya Watanzania ni "sheria 40 kandamizi". Neno "kandamizi" halimpi mtunga sheria pa kujificha, kwa maana linataja kitendo, na kitendo kina aliyekitenda na aliyetendewa. Kama zingeitwa sheria 40 zilizopitwa na wakati, orodha ingekuwa ile ile, vifungu vile vile, lakini hakuna ambaye angekuwa amemkandamiza mtu.

Hilo linatufikisha kwenye dai la tatu: kwamba mtenda ni wakati.

Televisheni ya chogo, ile yenye kisogo kilichotokeza nyuma, ilikuwa kifaa cha thamani sebuleni. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia. Nchini Kenya uzimaji ulifika kwa mvutano mkubwa na kukamilika mwaka 2015, mwaka ambao mkataba wa kimataifa uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliuweka kuwa kikomo kwa nchi nyingi. Aliyekuwa na TV ya chogo aliamka akakuta chenga. TV haikufa, ilihitaji king'amuzi, na aliyekimudu aliendelea kutazama taarifa ya habari kwenye kioo kile kile. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kana kwamba wakati ulipita wenyewe. Ukweli ni kwamba palikuwa na mkataba, mamlaka za mawasiliano, leseni, kampuni za kusambaza matangazo na mlolongo wa maamuzi ambayo yangeweza kufanywa mapema zaidi, baadaye zaidi, au kwa kuwapa wenye kipato kidogo ving'amuzi vya bei nafuu. Uamuzi wenyewe ulikuwa na hoja nzuri, kwa sababu dijitali hubeba stesheni nyingi mahali ambapo analojia ilibeba moja. Uzuri wa hoja hauondoi kuwapo kwa mwamuzi.

Ndivyo ilivyo pia kwa kompyuta. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri hazikidhi masharti ya toleo lililofuata. Fundi anayemwambia mteja "mashine yako imepitwa na wakati" anamweleza nusu ya habari. Nusu nyingine ina jina la kampuni.

Katika siasa, kisa kikubwa zaidi ni Azimio la Arusha. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, likiweka miiko ya uongozi iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi walikuwa wakisema limepitwa na wakati: uchumi umeyumba, mashirika ya umma yamelemewa, dunia inaelekea kwingine. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza miiko ile, na uamuzi huo ukapewa na watu jina la Azimio la Zanzibar. Mwalimu Nyerere hakukubali hadi mwisho wa uhai wake kwamba misingi ya Azimio la Arusha ilikuwa na kosa. Mtu anaweza kuwa upande wake au upande wa wale wa Zanzibar, lakini yeyote anayeandika historia hiyo kwa sentensi "Azimio lilipitwa na wakati" amefuta kikao, wajumbe na kura. Amewaacha wasomaji wakidhani miiko iliondoka yenyewe, kama umande.

Hata lugha yenyewe imewahi kutendwa hivyo. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928 huko Mombasa, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, Kimvita na Kiamu, vilivyobeba mashairi ya karne nyingi, viliwekwa kando ya shule na vitabu. Havikupitwa na wakati. Vinazungumzwa hadi leo, na mshairi wa Kiswahili anayetafuta vina bado anachota humo.

Vitu hupitwa, majina yao mara nyingi huendelea na safari. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walileta sarafu iliyoitwa heller. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sarafu hiyo ikaondolewa na shilingi ikashika nafasi. Zaidi ya karne moja baadaye, kijana wa Mbeya ambaye hajawahi kuiona anasema hana hela. Simu ilitokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na leo tunaliita kwa jina hilo kifaa ambacho sifa yake kuu ni kutokuwa na waya. Daladala ilipata jina kutokana na dala, sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Matatu ikalipata kutokana na mapeni matatu. Nauli hizo haziwezi leo kumsafirisha mtu hata hatua moja, na majina yanaita abiria kila alfajiri kuanzia Mbagala hadi Githurai. Wazungumzaji hawakukaa kikao kuamua majina hayo yabaki. Walifanya yale ambayo sheria, mashine na noti haviwezi kujifanyia: waliyapa maana mpya kila siku, kidogo kidogo, hadi maana ya kale ikasahaulika bila jina kuanguka.

Kwa binadamu, Kiswahili kina adabu zake, na kitenzi chetu hukaribia kuzivunja. Msanii aliyeimba tangu miaka ya 1970 ni mkongwe. Nyimbo zake ni zilipendwa, au zilizopendwa kama wanavyosema Kenya, na hilo ni jina zuri la kipekee: halisemi nyimbo zimezeeka wala hazifai, linasema kulikuwa na watu waliozipenda. Msisitizo uko kwenye kiambishi "li", kinachouweka upendo huo katika siku zilizopita, ingawa ukumbini wazee kwa vijana wanainuka kucheza. Utamu wa jina hugeuka uchungu linapohamishiwa kwa mtu, pale mwanasiasa anapoambiwa naye ni zilipendwa.

Kenya ilipoelekea uchaguzi wa 2013, kambi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto ilijinadi kuwa ya kidijitali na kuwabandika wapinzani wao jina la analogi. Neno la mitambo likageuka sifa ya watu, na mtaani kijana akaweza kumwita mjomba wake analogi kwa sababu tu hatumi pesa kwa simu. Hapo mtu amehamishiwa ngeli ya vitu. Redio haina la kufanya ikibadilishiwa masafa, ila mtu hujifunza, hukataa na huchagua. Kumwambia amepitwa na wakati ni kumnyang'anya uwezo huo katika sarufi kabla ya kumnyang'anya katika kazi.

Nyerere alileta kitenzi kinachomrudishia mtu uwezo huo. Kutoka Kizanaki, lugha ya kwao, alichukua kitenzi kung'atuka, na alipoacha urais mwaka 1985 Watanzania walikuwa na neno la kueleza alichofanya. Anayeng'atuka hajapitwa, hajaondolewa, hajachuja. Ameutazama wakati unavyokuja akasogea pembeni kwa miguu yake mwenyewe. Kitenzi ni cha kutenda, mtenda anajulikana, na ndiyo sababu kinawaumiza wasiotaka kukitumia.

Limebaki suala la njeo, ambalo wanasarufi hulipita haraka kuliko linavyostahili. Usemi huu huja karibu daima na kiambishi "me": imepitwa, kimepitwa, zimepitwa. Au huja kama kirejeshi, zilizopitwa, kwa kuwa Kiswahili hakina kivumishi kifupi cha maana hiyo. Kiambishi "me" hutangaza hali iliyokwisha kukamilika. Jambo limetokea na matokeo yake yako mbele yetu. Ni nadra mno kusikia "inapitwa na wakati" au "itapitwa na wakati tusipofanya hivi". Ilhali kwa "na" na kwa "ta" ndipo kitendo bado kinawezekana. Vitenzi vya tiba vipo: kuhuisha, kilichotokana na uhai, ambacho ofisi za serikali hukitumia kwa daftari la wapiga kura na kumbukumbu za watumishi, na kusasisha, kilichotengenezwa kutokana na "sasa", ambacho watu wa kompyuta wamekizoea. Havina kazi ikiwa hukumu imekwisha kusomwa kwa "me".

Simu ndogo ya vibonye inalionyesha hili vizuri. Tanzania huiita kitochi au kiswaswadu, Kenya kabambe au mulika mwizi. Imetangazwa mara nyingi kuwa imepitwa na wakati tangu simu janja ziingie. Lakini M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ilijengwa ifanye kazi kwenye simu ya namna hiyo, na hata leo mama anayeuza mboga hutuma na kupokea pesa kwa menyu ya maandishi bila intaneti. Chaji hukaa siku kadhaa. Ikianguka, huokotwa. Kwa kazi hiyo kitochi hakijapitwa. Kwa kazi nyingine, kama kuomba huduma za serikali zilizohamia mtandaoni, kinapitwa, sasa hivi, na kasi ya kupitwa kwake inategemea wanaobuni huduma hizo: kama watamwekea mwenye kitochi njia ya kupiga namba ya nyota na reli, au watamwambia akanunue simu nyingine.

Wakati huo huo, vijana wamekichukua kitenzi na kukiondolea mtenda kabisa. "Usipitwe!" ndilo tangazo la kila ukurasa wa habari na burudani wa Tanzania, na "nimepitwa" ndilo jibu la aliyekosa mechi au kichekesho cha jana. Hakuna wakati tena katika sentensi. Kuna mtu na lile alilolikosa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa uharibifu wa lugha. Safu hii haioni hivyo. Katika matumizi haya mapya anayepitwa ni mtu, analikiri mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na kilichompita kinaweza kutajwa: mechi, kipindi, habari. Mhariri atakayemtaka mwandishi wake afanye vivyo hivyo na sheria, dawa au sera, yaani aongeze baada ya "imepitwa na wakati" sentensi moja inayotaja kilichobadilika, tangu lini na kwa uamuzi wa nani, atagundua kwamba habari nyingi zilizokuwa na aya mbili zinahitaji ukurasa mzima.